Bakuli la mzazi huko Sitiawan

Watu wengi wakisikia chakula cha Kichina hufikiria hoteli kubwa ya mjini, meza ya duara inayozunguka, na kuku aliyepakwa rojo tamu lenye rangi ya chungwa. Hivyo ndivyo tulivyokijua sisi tulipokuwa tukikaribishwa Dar es Salaam mara moja moja. Mwaka 2019 tulikaa majuma saba katika mji mdogo wa Sitiawan, jimbo la Perak, pwani ya magharibi ya Malaysia. Tulikula chakula cha Kichina karibu kila siku, na meza inayozunguka hatukuketi hata mara moja. Tunaandika haya kwa sababu wazazi wengi siku hizi wana watoto wanaosoma au kufanya kazi katika nchi za Asia, nao wanapokwenda kuwatembelea huishia kula mkate na chai chumbani kwa hofu ya kula wasichokijua.

Sisi hatukwenda kwa matembezi. Binti yetu alikuwa karibu kujifungua mtoto wake wa kwanza. Mumewe ni mhandisi, naye alikuwa amepata kazi upande wa bandari ya Lumut, si mbali na Sitiawan, kazi ya zamu, mara mchana mara usiku. Kwetu Kilimanjaro mzazi hatunzwi na mwanamume wa zamu. Tukauza mahindi, tukakopa kidogo kwenye chama, tukasafiri.

Sitiawan ni mji mtulivu. Kutoka Kuala Lumpur ni mwendo wa saa tatu au nne kwa gari, na wageni wengi hupita tu wakiwahi boti ya kwenda kisiwa cha Pangkor. Jina lake, wenyeji husimulia, linatokana na maneno ya Kimalei “setia kawan”, yaani rafiki mwaminifu. Tembo wawili walikuwa wakisafiri pamoja, mmoja akazama kwenye tope, na mwenzake akakataa kumwacha. Hatujui kama ni kweli, lakini ni hadithi nzuri kwa mji wa watu waliohama.

Maana Wachina wa pale walihamia pamoja, kama usharika. Mwaka 1903 Wakristo Wamethodisti 363 kutoka sehemu za Fuzhou, jimbo la Fujian, kusini mwa China, walifika Sitiawan wakiongozwa na mmisionari Mjerumani, Mchungaji Luering. Nyumbani walikuwa wameacha umaskini na machafuko ya Boxer ya mwaka 1900, ambayo yaliwaua Wakristo wengi wa China. Wenzao wa kabila hilo hilo walikuwa wametangulia mwaka 1901 kwenda Sibu, katika Sarawak, chini ya Wong Nai Siong. Wale wa Sitiawan, serikali ya Waingereza ilitaka walime mpunga. Ardhi haikukubali, wakageukia mpira, na mpira ndio uliowajengea nyumba, shule na makanisa. Watu hawa huitwa Foochow, ambalo ni jina la zamani la Fuzhou. Katika kitongoji cha Kampung Koh, walikoanzia, kuna kanisa lao la mwanzo, na kando yake kuna makumbusho madogo yaliyofunguliwa mwaka 2003 walipotimiza miaka mia. Tulitazama humo majembe, visu vya kugemea mpira na picha za akina mama wenye nyuso za uchovu, tukasema mmoja kwa mwenzake kwamba wanafanana sana na picha za bibi zetu.

Basi mgeni anayeuliza ale wapi Sitiawan, sisi tutamwambia aanzie Kampung Koh, tena asubuhi. Chakula cha kale cha pale ni cha watu wanaoamka mapema. Ukifika saa sita mchana utakuta masufuria yamekwisha oshwa.

Mahali pa kwanza ni duka la kahawa, ambalo wao huliita kopitiam. Usitafute uzuri. Ni chumba kilicho wazi upande wa barabara, meza za mawe, viti vya plastiki, feni juu, na wazee wanaosoma gazeti lile lile kwa zamu. Mwenye duka huuza vinywaji tu. Chakula huuzwa na watu wengine waliopanga sehemu humo ndani, kila mmoja na jiko lake na chakula kimoja anachokijua. Huyu tambi za mchuzi, yule uji, yule madonge ya samaki. Unaagiza kwa watatu au wanne, vyote vinaletwa kwenye meza yako, na unamlipa kila mtu chake. Kahawa yao hukaangwa pamoja na sukari na siagi ya mimea, kwa hiyo ni nyeusi kama lami, na ukisema “kopi” tu wataitia maziwa mazito ya kopo. Mmoja wetu aliipenda mno. Mwingine alirudi kwenye chai siku ya pili.

Palepale tuliwafahamu Foochow kwa madonge yao ya samaki. Samaki husagwa mpaka anakuwa kama unga uliokandwa, huviringwa, na katikati hufichwa nyama ya nguruwe iliyosagwa. Unauma ukitegemea samaki, unakutana na nyama. Tulikula pia loh mee, yaani tambi nene katika mchuzi mzito uliokolezwa kwa wanga, chakula cha kushibisha mkulima. Mezani huwa kuna kikombe cha pilipili iliyosagwa na kitunguu saumu, nayo hujulikana nchi nzima kwa jina la Kampung Koh. Akina mama wanaosifika kwa pilipili nyumbani waende nayo taratibu.

Mahali pa pili ni kwa waokaji wa gong pian. Huu ni mkate mdogo wa duara, mgumu kidogo, wa ngano, na ulitusisimua kuliko vyote kwa sababu ya jinsi unavyookwa. Tanuri lao ni la udongo, kama mtungi mkubwa, moto wa mkaa chini. Mwokaji hunyunyiza maji kwenye donge, anaingiza mkono ndani ya mdomo wa tanuri na kulibandika ukutani, haraka, moja baada ya jingine, mpaka ukuta wote umejaa. Waswahili wa pwani wanaokumbuka mkate wa mofa hawahitaji maelezo zaidi. Ni mofa hasa! Tulisimama pale tukimtazama mzee mmoja ambaye nywele za mkono wake wa kulia zilikuwa zimeungua zote, na mkono wa kushoto zipo.

Inasimuliwa kwamba mkate huo ulianzia kwa jemadari Qi Jiguang, aliyepigana na maharamia huko Fujian katika karne ya 16. Askari wake walitoboa mikate katikati, wakaitunga kwenye kamba na kuivaa shingoni, ili wasipoteze muda kupika. Sitiawan huuza mikavu na yenye kitunguu ndani, na mwaka 2019 ule mkavu mmoja haukufika ringgit 2. Ule ukiwa wa moto. Ukipoa sana unahitaji meno ya askari. Jambo moja la kuangalia: wengine hutia mafuta ya nguruwe kwenye unga, na wengine hawatii. Malaysia ni nchi yenye Waislamu wengi, kwa hiyo hakuna atakayeshangaa ukiuliza. Sisi tuliuliza kila mahali kwa ajili ya rafiki wa mkwe wetu, kijana Mwislamu wa Tanga aliyekuja kututembelea Jumamosi, na wauzaji walitujibu bila kununa. Maduka mengi ya Wachina hayamfai, ni vema kusema wazi, lakini hakulala njaa. Tulipata muuzaji asiyetumia mafuta hayo, na samaki Lumut ni wengi.

Mahali pa tatu hapana kibao wala mlango wa barabarani, na hapo ndipo tulipopata chakula chenyewe. Ni jikoni kwa watu.

Jirani wa binti yetu alikuwa mama mjane wa Kifoochow, umri wake zaidi ya miaka sabini. Huko mama mtu mzima huitwa Anti na kila mtu, hata asiye ndugu, nasi tukamwita hivyo. Kila asubuhi alisimama kwenye uzio na kuuliza “Sudah makan?”, yaani mmekwisha kula? Ndiyo salamu yao. Kimalei chake na Kiswahili chetu vilikutana katika maneno machache, kama sabuni, dunia na wakati, yale ambayo Wamalei na sisi tuliyapata kwa Waarabu. Yaliyobaki tulisaidiwa na Kiingereza kidogo na mikono.

Huyu Anti ndiye aliyempeleka binti yetu hospitali. Uchungu ulianza siku tatu kabla ya ndege yetu kufika, saa nane usiku, mkwe wetu akiwa kazini. Binti aligonga dirisha la jirani. Mama wa miaka sabini na ushee akavaa kandambili, akawasha gari lake dogo, akaendesha. Tulipofika tulimkuta mjukuu amezaliwa salama, mtoto wa kike, na Anti ameketi pembeni ya kitanda kama bibi halali. Tulimshukuru Mungu, na tulimshukuru yeye, na hatukujua tumpe nini.

Siku ya sita alikuja na bakuli kubwa lenye kifuniko. Ndani mlikuwa na kuku, tangawizi nyingi, na tambi nyeupe nyembamba kama uzi ambazo wao huziita mee sua, ambazo hazikatwi kwa sababu urefu wake ni dua ya maisha marefu. Mchuzi ulikuwa mwekundu. Harufu yake tuliitambua kabla kifuniko hakijatoka vizuri. Mtu aliyezaliwa Kilimanjaro haulizi harufu ya kitu kilichochachuka.

Ilikuwa divai ya mchele. Wafoochow hupika mchele unaonata, huuchanganya na hamira ya pombe na mchele mwingine uliooteshwa ukungu mwekundu, na kuuacha kwenye mtungi mwezi mmoja au zaidi. Kinachokamuliwa ni divai nyekundu. Kinachobaki chini ni machicha, ambayo wao huyaita ang chow na huyatumia kama kiungo. Mzazi wa Kichina hukaa ndani siku 30. Haguswi na maji baridi wala upepo, na hulishwa vitu vya kumrudishia joto: tangawizi, mafuta ya ufuta, kuku, na kwa Wafoochow, divai hiyo. Asiyempelekea mzazi bakuli hilo hajampenda.

Sisi tulilelewa katika nyumba za watu waliookoka katika uamsho. Baba zetu waliacha mbege wakiwa na familia changa, na kuacha huko kulikuwa na gharama. Walitengwa kwenye sherehe za ukoo, wakaitwa wenye kiburi, mmoja akanyimwa shamba. Pombe katika nyumba zetu haikuingia hata kwa dawa. Na sasa bakuli lilikuwa mezani, binti yetu ana njaa, mtoto ananyonya, na aliyelileta ni mtu aliyeokoa maisha mawili.

Tuliteta jikoni kwa Kichagga. Mmoja wetu alisema ni chakula, hakuna anayelewa kwa tambi, na kumkatalia mama huyu ni kumpiga kofi. Mwingine alisema kilichowagharimu baba zetu mashamba hakiwezi kuwa kitu kidogo eti kwa kuwa kiko ndani ya supu. Tulifungua Warumi sura ya 14, ambamo Mtume Paulo anazungumza na ndugu waliogombana juu ya kula na kunywa, na kila mmoja wetu alipata humo mstari wa kumtetea.

Binti ndiye aliyetutoa. Alisema, “Mama, Baba, mtoto ni wangu na maziwa ni yangu.” Akampigia simu muuguzi wa kliniki. Akina mama mnaonyonyesha, jibu lake tunaliandika hapa kwa sababu linafaa hata penye mbege na mnazi. Pombe haiondoki yote kwa kuchemshwa, kama wengi wanavyoamini. Chakula kilichochemka nayo dakika 15 hubakiwa na kama asilimia 40 ya pombe iliyotiwa, na hata baada ya saa mbili na nusu hubaki kama asilimia 5. Inayoingia katika damu ya mama huingia pia katika maziwa. Kwa hiyo aliye na mtoto mchanga ni heri apikiwe bila pombe, na kama amekwisha kunywa, asubiri saa mbili au zaidi kwa kila kipimo kimoja kabla ya kunyonyesha.

Basi ikabaki kumwambia Anti. Tulikwenda wote watatu hadi kwenye uzio, na binti akasema mwenyewe, kwa upole, akimshika mikono. Tulitarajia macho yaliyojaa machozi. Anti alicheka. Akasema binti yake mwenyewe ni muuguzi Singapore, na alipojifungua alimwambia maneno yale yale kwa sauti kali zaidi. Kisha akatueleza jambo lililotushangaza. Kanisani kwao hawatumii divai hata kwa Chakula cha Bwana, wanatumia maji ya zabibu yasiyochachuka, kama desturi ya Wamethodisti ilivyo. Mama yake hakuwahi kunywa kikombe cha pombe maishani. Mtungi ulikuwa wa jikoni, wa uzazi na wa siku za kuzaliwa. Kwake yeye hayo yalikuwa mambo mawili yasiyogusana, na alitutazama kama watu wanaouliza kwa nini maji ya mtoni hayachanganyiki na maji ya ubatizo.

Tangu siku hiyo alimpikia binti kuku wa tangawizi na mafuta ya ufuta, bila divai wala machicha, na kila mara alionja na kutikisa kichwa kwamba hakijakamilika. Lile bakuli la kwanza halikumwagwa. Mmoja wetu alilila lote, tambi mpaka ya mwisho, na anashuhudia kwamba ni tamu, lina uchachu kidogo, na linapasha kifua. Mwingine hakuonja. Hatujaafikiana hadi leo, na mtoto wa watu akituuliza atapata majibu mawili.

Sisi nasi tulitaka kumpikia. Tulipata sokoni ndizi mbichi za kupika, si sawa na za kwetu lakini zinakubali, na nyama ya ng'ombe yenye mifupa, tukampikia mtori jikoni kwake. Tulimweleza kwamba kwetu mzazi hunyweshwa huu mpaka mashavu yajae. Aliukoroga na kuuchungulia, akala kijiko kimoja kwa heshima, kisha akainuka kufuata chupa ya pilipili ya Kampung Koh na kumimina. Akamaliza bakuli mbili. Alituuliza ndizi humenywaje bila kuchafua mikono, tukamwonyesha kupaka mafuta kwanza.

Tulimwuliza ni nani atakayeutunza mtungi wake baadaye. Ana watoto watatu, Singapore mmoja na Kuala Lumpur wawili, na hakuna anayejua kuchachua. Wanapofika kwa Mwaka Mpya wa Kichina hujaza chupa na kuondoka. Waokaji wa gong pian tuliowaona nao walikuwa wazee wengi. Kwa hiyo anayetaka kula chakula hiki kwa mikono ya waliokirithi kwa mama zao asichelewe sana, na asitegemee kupata jikoni kwa mtu kwa kununua. Njia tuliyoiona sisi ni kwenda ibadani Jumapili. Walituzunguka baada ya ibada, wakatuuliza kama tumekula, na juma hilo hilo tulialikwa nyumba mbili.

Mjukuu alipotimiza mwezi mmoja, Anti alichemsha mayai hamsini na kuyapaka rangi nyekundu, kama wanavyofanya kutangaza kwamba mtoto amevuka mwezi. Tulizunguka naye mtaani tukiyagawa, mayai mawili mawili katika mfuko wa karatasi, kwa Wachina, kwa Wamalei, kwa familia ya Kitamili iliyo kwenye kona. Kila nyumba ilitoka kumtazama mtoto mweusi mwenye nywele za kusokota, akiwa amelala mgongoni mwa bibi yake ndani ya khanga, na kila nyumba ilimwuliza Anti kwa lugha yake ni wa nani. Yeye aliwajibu kwa neno moja la Kifoochow. Mkwe wetu alitutafsiria baadaye: wa kwetu.